Mbuzi wa Ntheo Wamejaza Buti

Ndanu hakuwa mtu wa kuogopa safari mpaka siku mwanawe Emmah alipobanwa na kifua wakiwa wamekwama kwenye foleni ya magari kule Mwiki. Tangu siku hiyo akawa na begi. Lilikaa kwenye buti ya Probox ya mumewe, Kagwe, na ndani yake mlikuwa na inhela ya mtoto pamoja na kile kikopo cha plastiki cha kumvutishia dawa, maji safi, daipa, dawa ya homa, blanketi na biskuti. Kila Jumapili baada ya ibada alilifungua, akakagua, akalifunga. Majirani wa Kimbo, kule Ruiru, walimbandika jina la Mama Zahanati. Alicheka nao, na begi likabaki pale pale.

Mama mkwe wake, Wamboi, hakucheka. Alikuwa amesomesha watoto wa watu mpaka akastaafu, na hakupenda ukoo wake utajwe vibaya hata sokoni. Kagwe na Ndanu walikuwa wameishi pamoja bila mbuzi wa ntheo, wale wa kuthibitisha ndoa, kupelekwa kwa wazazi wa Ndanu kule Gatuanyaga, na kwa Wakamba mwanamke ambaye mbuzi wake hawajatoka bado ni wa baba yake. Wamboi aliona aibu hiyo kama doa kwenye kitambaa cheupe. Ndanu aliitaka siku ya kupelekwa mbuzi hao kuliko hata Wamboi.

Asubuhi ya safari mbuzi walifungwa miguu, wakapakiwa kwenye buti. Ndanu akalitoa begi ili akalipakate.

"Hilo unalipeleka wapi?" Wamboi akauliza.

"Ni la Emmah, mama. Nitalishika mwenyewe."

"Haiya! Mke anashuka kwa baba yake na begi lililojaa? Watasema tunakurudisha. Mbuzi kwa mkono huu, mke na mizigo yake kwa mkono ule!"

Kinuthia, mjomba wa Kagwe na msemaji wa safari, aliangua kicheko. "Wakamba watadhani bei imepanda, ndiyo maana tumeleta kila kitu."

"Basi niitoe inhela peke yake," Ndanu akasema.

"Leo mtoto ni mzima kuliko wewe," Wamboi akajibu. Alimnyang'anya begi, akaliingiza sebuleni, akafunga mlango, akatia funguo kwenye mkoba wake. Ndanu alimtazama Kagwe. Kagwe alikuwa akifuta kioo kilichokwisha kung'aa.

Ndanu aliingia garini. Alijiambia ni siku moja tu.

Walipoiacha lami na kuingia njia ya Gatuanyaga, lori la mchanga lilikuwa mbele yao, na vumbi lake likaingia kila mahali. Harufu ya mbuzi ilikuwa imejaa garini. Emmah alikohoa, akakohoa tena, kisha akanyamaza. Ndanu aliufahamu ukimya huo. Alifunua blauzi ya mtoto: ngozi ilikuwa ikizama katikati ya mbavu kwa kila pumzi.

"Baba Emmah, geuza gari. Turudi Thika, hospitali."

Kagwe alipunguza mwendo, akamtazama mama yake.

"Tugeuze na mbuzi wa watu?" Wamboi akasema. "Wazee wamekaa wanatungoja. Ukirudi na mbuzi, umekataa mke. Mpe maji."

"Maji yako kwenye begi."

Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu.

"Simamisha," Ndanu akasema.

"Mama Emmah, tumebakisha kidogo tu..."

"Kagwe, simamisha nishuke!"

Alishuka na mtoto kifuani. Bodaboda iliyokuwa ikitokea mbele ikasimama. Mwenye pikipiki alichungulia ndani ya Probox, akamwona mbuzi mmoja akimkodolea macho.

"Kwani hao ndio wamelipiwa siti?" akauliza. "Panda, mathee. Mshike vizuri."

Nyuma yake Ndanu alisikia mlango ukifungwa na gari likiondoka, kuelekea kwa baba yake.

Thika walimwekea Emmah mashine ya mvuke wa dawa. Kwa muda mrefu hakukuwa na mabadiliko, na Ndanu alikuwa akipumua kwa nguvu kana kwamba angeweza kumpumulia. Hatimaye mtoto akalia. Kilio kile kilikuwa kizuri.

Jioni simu ikalia. Alikuwa baba yake, Mzee Mwau.

"Mama mkwe wako ametueleza umebaki Ruiru kwa sababu ya kazi," akasema. "Hukuweza kuomba ruhusa, hata kwa siku kama hii?"

"Niko hospitali, baba. Emmah alikuwa anakufa. Waliniacha njiani, wakaendelea na mbuzi."

Mzee akauliza, "Amekufa?"

"Hapana."

"Basi mshukuru Mungu."

"Baba, kesho nakuja nyumbani na mtoto. Kwa wale sirudi."

"Uje kama nani?" Sauti yake ilishuka, ili wageni wasisikie. "Mbuzi wamechinjwa, Ndanu. Nyama tumeila na mchuzi tumeunywa. Nitawarudishia nini, mifupa? Nyumbani kwako sasa ni Kimbo."

"Baba..."

Lakini kule kwao wanawake walikuwa wameanza kuimba, na mzee alikata simu asije akakosekana kwenye wimbo.