Simjui

Saa kumi kamili jioni mwamuzi alipuliza filimbi, na mechi ya pili ya msimu ikaanza: timu ya mji wetu wa Songea dhidi ya timu ya Iringa. Nilikaa jukwaani na jirani yangu wa kazini; vibanda vyetu vinapakana mtaa wa Majengo. Yeye ni Mhehe, muuza viazi. Mimi ni Mngoni, fundi redio, ufundi niliojifundisha mwenyewe kwa vitabu. Babu zetu walipigana vita, kwa hiyo sisi ni watani: tunatukanana bila kukasirika, na mmoja akiteka kitu cha mwenzake, mwenyewe hukikomboa kwa hela kidogo na kicheko. Kwenye harusi ya binti yake niliteka sufuria la wali. Alilikomboa huku akinikumbatia.

"Leo wala panya mtalia," aliniambia.

"Mla mbwa, funga mdomo utazame mpira."

Nimesoma sheria za mpira zote, kwa utaratibu, kama ninavyosoma kila kitu. Kipindi chote cha kwanza nilimweleza yeye na waliokaa mbele yetu maana ya kuotea. Walinisikiliza vizuri. Dakika za mwisho mshambuliaji wa Iringa akapokea mpira, akafunga. Nikasimama, nikapaza sauti kwamba ameotea, hilo si goli. Mshika kibendera hakuinua kibendera. Beki wetu mmoja alikuwa ameanguka karibu na lango letu na hajainuka, kwa hiyo mfungaji hakuwa ameotea; kila mtu alikuwa amemwona beki huyo isipokuwa mimi.

"Mwalimu," jirani yangu akauliza, "kitabu chako kimechanika ukurasa?"

Jukwaa likaangua kicheko. Yeye akatangulia kutoka.

Nilipofika nje, baiskeli yangu haikuwepo kwenye uzio nilipoiegemeza. Mama muuza karanga akaniambia, "Kaichukua yule Mhehe wako. Anaenda anacheka peke yake."

Nilijua maana yake. Nilipaswa kumfuata, nimtukane, nilipe, twende tukanywe chai. Lakini masikio yalikuwa bado yanawaka kwa kile kicheko. Nikaenda kituo cha polisi, nikasema nimeibiwa.

Askari alikuwa ananiuliza rangi ya baiskeli wakati jirani yangu alipoingia akiisukuma. Alikuwa ameambiwa nimeelekea huko, akadhani nami nimeamua kuunogesha utani. Kwenye usukani alikuwa amefunga kitambaa cha timu yake.

"Afande, usimsikilize mtumwa wangu huyo! Wewe mtumwa, toa hela ukomboe farasi wako!"

Askari akatabasamu. "Mzee, huyu si mtani wako?"

Ningeitikia tu, mambo yangeisha. Lakini watu wawili waliokaa kwenye benchi walikuwa wameanza kucheka, na mimi siku hiyo nilikuwa nimechekwa vya kutosha.

"Simjui," nikasema.

Jirani yangu alinitazama, akingoja nicheke. Kisha akafungua kile kitambaa, fundo lilimsumbua kidogo, akaegemeza baiskeli ukutani.

"Samahani, bwana," akasema. "Nimekosea mtu."

Askari akaniuliza kama naendelea na shauri. Nikasema hapana. Wale wa kwenye benchi walikuwa wameacha kucheka, wanatazama sakafu.

Asubuhi nilimpelekea elfu mbili, bei yetu ya kukomboa, nikamwita mla mbwa kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuiamini. Alikuwa anapanga viazi mafungu. Akajifuta udongo mikononi, akasimama wima, akanirudishia noti kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee. Hela ya nini? Mimi sikudai kitu."

Tumelingana umri. Tangu siku hiyo ananiamkia hivyo kila asubuhi, kwa adabu kamili, na mimi naitikia marahaba. Hajanitukana tena, wala hajateka kitu changu. Nimeokoa shilingi elfu mbili.