Nilivyomjibia mjukuu wangu usaili wa ufadhili wa chuo, likizo yake yote ikaonekana bure

Wakuu, nawasalimu. Wanaostahili shikamoo yangu waipokee, na wadogo zangu nawaitikia marahaba kabla hamjaniamkia.

Mimi ni mzee wa Nyahanga, Kahama. Humu huwa nasoma tu na kupita. Leo nimeona niandike kwa sababu nyuzi zimekuwa nyingi za vijana waliomaliza form six wakiuliza wafanye nini wakati wanasubiri chuo, na wazazi wenzangu wanawajibu wapumzike nyumbani, watulie.

Nami nilifanya hivyo hivyo kwa mjukuu wangu. Nitasimulia yaliyotokea bila kupunguza, hata pale ninapoonekana vibaya.

Elimu yangu ni form four ya zamani. Nilikuwa karani wa mizigo pale Isaka, bandari kavu, mpaka nikastaafu. Binti yangu anapika chakula Bugarama, wateja wake ni wachimbaji na madereva. Mtoto wake wa kwanza ni Kabula, ambaye nimemlea mimi tangu anaanza darasa la kwanza, kwa sababu Bugarama ni sehemu ya pilikapilika na mama yake hakutaka akulie kule.

Kabula ananiita guku, ndiyo babu kwa Kisukuma. Ni mtoto wa sayansi. Tangu mdogo anataka kuwa daktari wa mifugo. Sio wa watu, wa mifugo. Nilishajaribu kumbadilisha nikashindwa.

Alipomaliza mtihani wa form six, wenzake wengine waliitwa JKT, jina lake halikutoka. Akabaki na miezi ya kusubiri. Mwalimu wake alimwambia kuna mfuko unaofadhili wasichana wa sayansi mpaka wamalize chuo kikuu, ada na malazi. Akaomba. Akaniambia na jambo moja ambalo mwalimu alilisisitiza: kwamba wanaoomba wote wana ufaulu mzuri, kwa hiyo wanachoangalia sana ni mtu amefanya nini likizo hii.

Nilimsikia. Nikasema sawa. Lakini moyoni nilijua kwamba cheti kizuri ndicho kinachompeleka mtu chuo, hayo mengine ni maneno ya walimu vijana.

Akaomba ruhusa aende kwa mama yake Bugarama. Nikamruhusu.

Kule akakutana na bwana mifugo wa kata. Wakati huo kiangazi kilikuwa kimeanza, na wenye kuku mnajua kiangazi kikiingia kinakuja na nini. Kideri. Huo ugonjwa unaingia kwenye mji wa mtu, yaani nyumbani kwake, jioni, asubuhi anaokota mizoga. Bwana mifugo alikuwa mmoja, vijiji vingi. Kabula akaomba amsaidie kuchanja.

Chanjo yenyewe ni tone moja kwenye jicho la kuku. Inabidi ufike alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa, maana wakishatoka bandani hutawakamata. Kwa hiyo mtoto alikuwa anaamka mapema, anapanda pikipiki nyuma ya bwana mifugo, na chupa ya chai yenye barafu mapajani, ndimo chanjo inamokaa.

Hizo habari zikanifikia Nyahanga, lakini hazikufika hivyo.

Nina rafiki yangu, Mzee Shija. Tumezeeka pamoja na hajawahi kunionea huruma. Alikuja nyumbani akakaa, akanywa chai yangu, halafu akaniuliza kama siku hizi form six inasomea kuku. Nikamuuliza ana maana gani. Akasema mjukuu wangu anaonekana kila asubuhi kwenye miji ya watu, amepakiwa na mwanaume.

"Wewe unasubiri chuo," akaniambia, "wenzako kule wanasubiri harusi."

Wakuu, msinihukumu haraka. Ukanda wetu huu wa dhahabu unaujua ukiwa na binti. Mtu anapata mawe ya dhahabu leo, kesho ana pikipiki mpya na anatafuta msichana wa kumpandisha. Nimeona wasichana wenye akili wakiishia hapo. Nilipata hofu ya kweli.

Ila niseme ukweli wote, haikuwa hofu peke yake. Nilikuwa nawaza pia watu watasema nini kuhusu mji wangu.

Nikampigia mama yake, nikamwambia mtoto arudi Kahama. Akajaribu kunieleza kwamba bwana mifugo ni mtu mzima mwenye familia, na kazi inaenda vizuri. Nikamwambia mimi sijaita kikao. Kabula akarudi kesho yake. Hakulalamika. Akawa anapika, anafua, Jumapili kanisani. Nikaridhika kabisa.

Baadaye ikaja taarifa kwamba amepita mchujo wa kwanza, na usaili utafanyika kwa simu kwa sababu waombaji wametawanyika mikoani. Namba aliyokuwa amejaza ni yangu, maana simu yake ilikuwa mbovu mbovu.

Hapa ndipo sehemu yenyewe.

Kwa sisi wazee wa huku, watu wakija kuongea habari za binti yako, binti haongei. Wanaongea wazee. Ndivyo tulivyooa, ndivyo tulivyoozesha. Mgeni anauliza, mwenye mji anajibu, kunakuwa na mzee mwenzake wa kushuhudia, na binti yuko karibu anasikia. Akiitwa athibitishe, anathibitisha.

Mimi usaili wa chuo sikuwahi kuuona. Nikauendesha kama ninavyojua.

Siku hiyo nilivaa koti. Nikamwita Mzee Shija. Chai ikachemshwa. Simu nikaiweka mezani, nikafungulia spika. Kabula alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, amevaa gauni la kanisani. Kumbe tangu asubuhi alikuwa anajisomea maneno yake chini chini, mke wangu ndiye alikuja kuniambia baadaye.

Simu ikaita. Mwanamke, sauti ya upole.

"Shikamoo mzee. Naomba kuongea na Kabula."

"Marahaba mwanangu. Kabula yupo hapa anasikia. Mimi ni babu yake, mwenye mji. Karibu, sema tu."

Akasema sawa, ataniuliza mimi machache kwanza kisha ataongea naye. Nikaona huyu amelelewa.

Akauliza Kabula ni mtoto wa namna gani. Nikamwaga sifa. Msikivu, hodari, hajawahi kurudishwa shule kwa utovu wa nidhamu. Shija anaitikia kwa kichwa kila nikimaliza sentensi, kana kwamba simu inamwona.

Halafu akauliza, "Tangu amalize mtihani amekuwa akijishughulisha na nini?"

Nikajiweka sawa kwenye kiti. Hilo ndilo swali nililokuwa nalisubiri.

"Mama, huyu mtoto hatoki. Tangu amalize shule yuko ndani humu. Ni jikoni na kanisani."

Shija akaongezea, "Hata dukani anatumwa mdogo wake."

Kisha akauliza tena, taratibu, kama hakuna mahali popote alipojitolea, kazi yoyote hata ya kijijini.

"Hapana kabisa," nikamjibu. "Huyu hazururi."

Ya Bugarama niliyaficha, niliona ni aibu. Kwetu sisi, ukisema hivyo juu ya binti umemaliza. Hakuna sifa iliyo juu ya hiyo. Ng'ombe wa mahari wanaongezeka hapo hapo.

Akaomba ampate Kabula. Nikampa simu, spika ikiwa bado wazi.

"Kabula, umemsikia babu. Ndivyo ilivyokuwa likizo yako?"

Mtoto akaniangalia. Akamwangalia Mzee Shija na kikombe chake mkononi. Sisi wote wawili tunamtazama.

"Ndiyo," akasema.

Akaulizwa mengine ya masomo, akajibu vizuri, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Yakaisha. Shija akanipa mkono akaniambia hapo tayari, waanze kuleta ng'ombe. Tukacheka. Kabula akatoa vikombe.

Jibu likaja kwa ujumbe wa simu. Hakuchaguliwa.

Nikakasirika. Siku ya pili nikampigia yule mwanamke kwa namba ile ile, nikamwambia wamependelea, mtoto ana Division One ya juu. Hakunijibu kwa ukali. Aliniambia, "Mzee, wote niliowapigia wana matokeo kama yake. Tulikuwa tunatafuta aliyetumia muda wake. Wewe mwenyewe uliniambia alikaa ndani."

Nikaanza kumweleza habari za kuku. Nilieleza vibaya, kwa haraka, kama mtu anayekimbiza gari lililoshaondoka. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniachia mimi na yeye siku ile," akasema, "ningemuuliza habari za hao kuku mpaka salio langu liishe."

Nafasi zilikuwa zimeshajaa. Akanitakia siku njema.

Nafasi ya chuo kikuu Kabula aliipata, lakini bila mfadhili hatukuiweza, na mkopo alioomba haukutosha. Akaenda kusoma stashahada ya mifugo kwenye chuo cha karibu zaidi. Bwana mifugo ndiye aliyemwandikia barua ya kumpendekeza. Mtu ambaye mimi nilimfanya mhuni kwa maneno ya kuambiwa.

Sasa wakuu, kosa la kwanza lilikuwa la kutojua. La pili nililijua.

Sikumwambia mtu. Mama yake alipouliza imekuwaje, nilisema tu kwamba hakuchaguliwa. Yeye akajaza mwenyewe. Akaamini mtoto alipata kigugumizi. Akaanza kuwaambia ndugu kwamba Kabula ni wa kuandika, kuongea hawezi.

Mwaka huu tulikuwa na harusi ya ndugu yetu huko Msalala, wilaya iliyo na Bugarama. Watu wamejaa, binti yangu akalisema tena mbele ya mashangazi, kwa utani. Shangazi mmoja akamwambia Kabula aolewe na bubu mwenzie wasigombane. Wakacheka sana. Kabula alikuwa ameshika sinia la wali. Akacheka nao, akaendelea kugawa.

Nilikuwa nimekaa meza ya wazee. Nikasukuma sahani pembeni.

Wiki iliyofuata nikaenda Bugarama kwa binti yangu. Nilimkuta anakoroga maharage, wateja bado hawajaanza. Nikamweleza yote, kuanzia koti mpaka simu ya pili. Hakuacha kukoroga. Nilipomaliza nikamwomba amweleze Kabula kwamba babu yake anajutia.

Akafunika sufuria. "Baba, mimi usinitume. Nenda mwenyewe."

Na Kabula hakuwa mbali. Chuo kilikuwa kimefunga, na alikuwa amerudi kuchanja kwenye vile vile vijiji. Binti yangu ndiye alinisimulia siku hiyo mambo ambayo sikuwahi kuuliza. Kwamba kichupa kimoja cha chanjo kinatosha kuku wengi sana na kikifunguliwa hakilali, kwa hiyo mwenye kuku wachache alikuwa haoni faida ya kununua. Kabula ndiye aliyepita mji kwa mji mwaka ule akiwashawishi akina mama wachange na wachanje asubuhi moja. Kwamba mama mmoja alilazimisha kuku wake mgonjwa achanjwe, akafa, akatangaza kwamba dawa ya Kabula inaua. Mtoto hakubishana. Alirudi kwa huyo mama mara kadhaa, akakaa naye, akamweleza kwa Kisukuma kwamba chanjo si dawa, kuku akishaugua imechelewa. Huyo mama ndiye sasa anawaita wenzake.

Hayo ndiyo angeyasema kwenye simu.

Nikalala hapo, asubuhi nikapanda bodaboda. Nilimkuta kwenye mji mmoja, amechuchumaa mlangoni mwa banda, akina mama wamepanga foleni na kuku kwapani. Akasimama kuniamkia. Nikamwambia amalize kwanza, nikasubiri pembeni. Alikuwa anaongea na wale akina mama, anawatania, wanamtania. Bubu gani.

Walipoondoka nikamwambia. Sikuzunguka. Nilimwambia nilikukosesha nafasi yako, na nikakaa kimya watu wakakucheka.

Alifuta mikono kwa kitambaa.

"Nilijua unanisifia, guku," akasema. "Ndiyo maana sikukukatiza."

Akaenda mji unaofuata. Nami nikarudi Kahama.

Wakuu, nilichojifunza ni kidogo tu. Miezi ile ya kusubiri chuo si ya kumfungia mtoto ili apendeze machoni pa watu. Mwache ashike kazi yenye uhusiano na anachotaka kusomea, hata kama inanuka banda, hata kama majirani wanacheka. Kama una hofu na aliko, nenda ukaone kwa macho yako. Mimi kutoka Kahama hadi Bugarama sikuenda. Na siku akiulizwa, wewe toka nje, ukakae uani.

Mwaka kesho atamaliza stashahada na anataka kuomba tena ufadhili wa digrii. Walio kwenye vyuo au waliowahi kupita njia hiyo, naomba mniambie hapa: hii kazi ya chanjo aieleze vipi kwenye maombi? Yeye nimeshamwonyesha uzi huu kabla sijauweka. Maswali yenu ya kitaalamu atayajibu yeye. Ya kunilaumu nitayajibu mimi.