Honi Iliyolia Mfukoni

Mpaka leo nikisikia honi ya lori, mkono wangu unaenda mfukoni wenyewe kabla akili haijafika. Najua wengine mmeiona ile video na mmeninyamazia kwa heshima tu, nashukuru, lakini video inaanzia pale ninapoumbuka na haionyeshi nilifikaje, kwa hiyo acheni nisimulie mwenyewe, na mkitaka kucheka chekeni mapema, maana mbele hakuna cha kuchekesha.

Nilikuwa ofisa usalama wa kampuni ndogo ya malori, ofisi Gerezani, juu ya duka la vipuri. (Cheo kikubwa, kazi yenyewe ilikuwa kutunza karatasi za ukaguzi na kuwapigia madereva simu wakalale.) Tajiri yetu, Mama Mushi, alikuwa anafukuzia mkataba wa kupeleka mizigo migodini, na mteja yule alitaka kuona rekodi za ukaguzi wa barabarani: lori lako liliposimamishwa lilikutwa na nini, breki, matairi, taa, na kutokana na hizo anakupa daraja la usalama. Daraja likiwa baya, mzigo hupati. Bila mzigo ule malori yangepaki na madereva wangerudi makwao, Mama Mushi alishatuambia hilo wazi, bila kupaza sauti.

Mimi ndiye niliyebuni kuandika nyuma ya kila tela, kwa herufi nyekundu, NIKIENDESHA VIBAYA PIGA SIMU, na chini yake namba yangu. Nilijiona nimewapita watu akili. Nikaweka na mlio wa honi ya lori kwenye simu, ile nzito, ikilia ofisi nzima inaruka.

Basi, Ijumaa moja mchana Mzee Chilumba anatoka bandarini na kontena, na mimi nimepanda naye kwenda Buguruni. Mzee huyu ni mtu wa Masasi, mpole, alianza kuendesha malori mimi sijazaliwa na hajawahi kuandikiwa kosa la maana. Getini tukagundua taa moja ya breki ya tela haiwaki, na madereva wanaambiana kwamba mbele, kwenye barabara ya malori, kuna ukaguzi.

"Tupite tu, Ofisa," akasema. "Wataandika taa, tutalipa, jioni fundi anatengeneza. Taa ni taa."

"Mzee, Jumatatu mteja anafungua faili letu. Nataka karatasi safi. Pita mtaa wa Msimbazi, tutokee barabara ya Uhuru."

Akanitazama. "Katikati ya soko la Kariakoo? Na tela? Mchana huu, na haturuhusiwi?"

"Ofisa usalama ni mimi, mzee."

"Haya, mwanangu," akasema, akakata kona.

Mnaijua Msimbazi ya Ijumaa. Tukakwama, nyuma honi, mbele mikokoteni, nikaona mtaa mdogo kushoto nikasema tukate hapo, nikashuka kumwongoza kwa mikono, njoo, njoo, huku naangalia kichwa cha lori na kusahau kwamba tela haipiti pale kilipopita kichwa, inakata kona kwa ndani. Matairi ya nyuma yakapanda ukingo, yakabeba meza ya vyombo, sahani zikapasuka zote kwa mpigo mmoja, na nguzo ya chuma ya turubai ikamwangukia begani mwenye meza, dada mmoja anaitwa Zuhura. Nilisikia mfupa ukivunjika. Naomba hapo nisiendelee.

Watu wakatoka madukani, simu zote juu. Vijana wawili wakaning'inia mlangoni mwa lori wakamvuta mzee kwa shati.

"Shuka! Ulikuwa umelala?"

"Tajiri wako nani?"

"Jamani, mpelekeni kwanza huyu mama hospitali," Mzee Chilumba anasema, wakampiga kofi la mdomo.

Na mimi, ofisa usalama, nikavua kizibao changu cha njano chenye jina la kampuni, nikakikunja, nikakibana kwapani, nikarudi nyuma kama mpita njia aliyekuja kununua kitenge. Pembeni yangu kulikuwa na fundi cherehani, futi kamba shingoni.

"Bro, hawa wenye malori hawana utu."

"Kabisa," nikasema. "Wafungwe." (Nilisema hivyo. Kwenye video inasikika.)

"Si wameandika namba hapa?" mwanamke mmoja akapaza sauti nyuma ya tela. "Eti akiendesha vibaya! Haya, tupige tuone." Akaisoma namba moja moja, watu wakabonyeza.

Honi ikalia. Watu wakageuka kulitazama lori, lori limezimwa. Ikalia tena. Fundi cherehani akashusha macho taratibu mpaka kwenye suruali yangu.

"Kumbe ni huyu hapa!"

"Na anasema wafungwe!"

"Amebana nini hapo kwapani?"

Kizibao kikarushwa hewani. Walicheka, na mimi ningeona afadhali wanipige. Mzee Chilumba, shati limechanika, damu mdomoni, akanitazama juu ya vichwa vya watu.

"Pokea, Ofisa," akasema. "Ni simu yako."

Trafiki wakafika, dada Zuhura akapakiwa kwenye bajaji, lori likakaguliwa palepale mbele ya umati: taa, njia isiyoruhusiwa, kujeruhi mtu. Vyote vikaandikwa kwa kampuni na kwa leseni ya mzee. Nikasema mimi ndiye niliyemwagiza. Askari akaniuliza kwa upole, "Usukani ulishika wewe?" Akaendelea kuandika.

Jumatatu mtu wa mteja alikuwa ameshaiona video, nikamweleza kwa nini tulipita Kariakoo. "Taa moja tungeiona kwenye rekodi, tungeuliza mmeitengeneza lini, tungeendelea," alisema. "Lori linalokaguliwa tunalijua. Linalokwepa hatulijui." Akafunga faili. Mama Mushi hakunifokea, alivua miwani tu akaiweka mezani.

Malori yameuzwa. Mzee Chilumba yuko Masasi, hakuna anayempa usukani akiwa na kosa lile kwenye leseni. Dada Zuhura amerudi kwenye vyombo vyake, anawahudumia wateja kwa mkono wa kushoto, nikimsalimia anaitikia, basi.

Sitakwepa tena ukaguzi maishani, hata taa zote ziwe zimekufa. Ile honi nimeifuta kwenye simu, lakini namba sijabadilisha. Aliyenunua tela hajafuta maandishi, watu wananipigia kutoka Morogoro, kutoka Tunduma, wanamtukana dereva nisiyemjua, na mimi napokea kila mara. Ni simu yangu.