Fundi aliyefungiwa cherehani na mkwewe ili goti lipone

Saa mbili asubuhi, fundi cherehani ameketi kwenye kiti chake, mguu wa kulia ameunyoosha mbele. Anauinua, anahesabu hadi kumi, anaushusha. Mteja aliyefuata sare ya mwanawe anaangua kicheko.

"Mama, unashona au unacheza?"

"Naliamsha goti, mwanangu. Likiamka, na sare yako itaamka."

Kwa miaka thelathini na moja mama huyu amekanyaga cherehani ya miguu. Mwaka jana goti likaanza kulia kama bawaba kavu, likavimba, hata kupiga magoti kusali akashindwa. Sare zikalala. Wateja wawili wakaja kuchukua vitambaa vyao.

"Siku ile nililia," anasema. "Fundi kurudisha kitambaa kisichoguswa na mkasi, hiyo ni aibu."

Hospitali akaambiwa gegedu la goti, ule mto laini kati ya mifupa, limelika. Vidonge na mazoezi vilipogonga mwamba, daktari akamdunga sindano gotini, akamwagiza alipumzishe siku mbili.

Alipofika nyumbani, maumivu hayapo! Akamshukuru Mungu, akaketi, akakanyaga mpaka jioni. Asubuhi goti limekuwa papai.

"Mama, ile ilikuwa ganzi tu niliyochanganya," daktari akamwambia. "Dawa yenyewe ilikuwa haijaanza kazi. Umesifu nguo hata haijapigwa pasi!"

Akaanza upya siku mbili za kupumzika. Safari hii mkwewe, mke wa mwanawe, akaufungua mkanda unaozungusha gurudumu la cherehani, akautia mkobani, akaenda nao kazini.

"Mama, nakujua," alimwambia. "Haya, shona sasa tuone."

Uvimbe ukashuka. Kufikia wiki ya pili alikuwa akikanyaga bila kuuma meno. Daktari hakumficha: nafuu hiyo ni ya wiki kadhaa, labda miezi, na mazoezi asiyaache. Sasa akishona saa moja, anapumzika. Sare zote zimetoka kabla ya shule kufunguliwa, na wale wateja wawili wamerudi.

Anamwaga kopo la vifungo atafute kimoja cha bluu. Chini kabisa umejikunja mkanda mwingine, mpya.

"Huu ulikuwepo siku zote mbili," anasema kwa sauti ya chini. "Mkwe wangu hajui. Labda atasoma gazetini."

Mbona hakuufunga?

"Niliushika, nikaurudisha. Mtoto wa watu anashinda na mkanda wangu mkobani kwa ajili ya goti langu, mimi nimdanganye?"

Anadunduliza anunue mota ya kuendesha cherehani.

"Ikija," anasema, "goti nitalibakizia kazi moja tu: kumpigia Mungu magoti."