Kufuli la Swichi Kuu

Fundi umeme wa kiwanda cha mbao, mama wa makamo waliyembandika jina la Shangazi Kisirani, hakupendwa na mtu, naye hakujali. Asubuhi moja aliukuta waya wa msumeno umechunika, umelala kwenye maji. Akazima swichi kuu, akaifunga kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni.

Msimamizi akamjia juu. "Washa! Wewe nani hapa?"

"Msimamizi aliyekutangulia aliponaswa na umeme kwenye msumeno huu, mimi ndiye niliyembandua, mkono umeungua. Ukitaka niwashe, ushike waya huo kwanza."

Msimamizi akautazama waya, akamtazama yeye, akasonya na kuondoka.

Shangazi akakausha maji, akaukata waya mbovu. Saa sita mchana msumeno ukanguruma kwa waya mpya. Tangu siku hiyo wawili hao hawasalimiani.