Ndama wa Udongo katika Sataranji ya Boma

Siku yangu ya kwanza kazini Bwana Mkubwa wa boma alinikabidhi daftari, akasema, "Wewe una cheti. Kila mchezo wa sataranji utakaochezwa hapa uuandike hatua kwa hatua, gazeti la pwani litauchapa." Ziwani kote hakuwapo mwingine wa kuiweza kazi hiyo ila mimi, mtoto wa mkulima wa mpunga wa Ipyana, niliyekwenda pwani kwa miguu na kurudi na cheti cha ualimu chenye muhuri.

Vijana, hamjui karaha yake. Mhariri alikata safu yangu ili apate nafasi ya habari za mvua. Wachezaji walirudisha hatua nyuma wakidhani sioni. Kisha mtumbwi uliobeba kete zetu zote za mbao ukapinduka Itungi, zikachukuliwa na mawimbi, ikabidi mama mmoja wa Kikisi, mfinyanzi, atutengenezee nyingine za udongo kwa kufuata michoro yangu. Vitunda, wale askari wadogo wa mbele, vilitoka vizuri. Farasi, mama huyo hakuwa amepata kumwona maishani. Akafinyanga ndama mwenye pembe.

"Mama, huyu si ng'ombe?"

"Mwalimu, wako wa kwenye karatasi anafanana na mbuzi mgonjwa."

Siku moja alileta vyungu bomani, akamkuta Bwana Mkubwa akicheza na Ambakisye, karani wa bandari, ambaye hakuwa amemshinda Bwana hata mara moja. Akasimama mlangoni, akautazama ubao, akasema kwa Kikisi, "Ndama wako ameona mlango. Mwache aruke." Ambakisye, aliyezaliwa na mama Mkisi, akamrusha farasi. Mfalme wa Bwana akanaswa.

"Yule mama anasema nini?" Bwana akaniuliza.

"Anauza vyungu, Bwana."

Ningesema kweli, Ambakisye angekula viboko. Basi nikaandika kwamba Ambakisye ameshinda kwa akili yake mwenyewe. Lakini vita vilikuja, Bwana akaondoka, viboko vyake navyo, na bado sikusahihisha. Historia yangu haina makosa, nilikuwa nikijigamba.

Sasa nimestaafu. Watu wa Ipyana hunisimamisha njiani: "Ndaga, tata, asante sana kwa kuuandika ushindi wa Ambakisye wetu." Nikiwaambia ulikuwa wa yule mama, hucheka: "Mwalimu amezeeka."

Mwezi uliopita nilishuka ufukweni na daftari langu, nimtafute. Wafinyanzi wakaniuliza, "Mama yupi, tata? Jina lake nani?"

Nimeandika majina ya mabwana wote, vyeo vyao, hata siku walizougua mafua. La kwake sikuwahi kumwuliza.