Vifuko Kumi na Vinne vya Takuma

Huu ni mwaka wa ishirini na sita Bi Shiomi Toyoko anasaga na kuchanganya dawa, na hakuna unga unaomshinda. Kinachomshinda ni simu.

Duka letu la dawa liko Yawatahama, mji wa wakulima wa machungwa, mkabala na kliniki ya masikio ya Daktari Kusunoki, na karibu kila karatasi ya dawa tunayopokea imetoka kwake. Mimi niko mapokezi: naingiza majina kwenye kompyuta, nabandika lebo, natuliza watoto. Bi Shiomi yuko nyuma ya kioo na mizani yake, kinu na mchi, na ile mashine inayofunga unga kwenye vifuko vya karatasi. Akigawa dozi kumi na nne, pima kifuko kimoja kimoja ukitaka, hutaona kilichopunjwa. Nimefanya naye kazi miaka kumi na moja na bado husimama kumtazama.

Sasa, mfamasia akiona jambo kwenye karatasi ya daktari halijakaa sawa, haruhusiwi kubadilisha hata nukta mpaka ampigie mwenyewe amuulize. Ni sheria nzuri, sina ugomvi nayo. Ila mtu ambaye riziki yake iko ng'ambo ya barabara ataipigaje simu hiyo saa nne asubuhi, kliniki imefurika? Mwaka juzi alipiga mara mbili kwa siku moja, na Daktari Kusunoki akamuuliza, kwa ile sauti yake ya upole inayochoma, kama alisomea udaktari kwa siri. Tangu siku hiyo nikimwona amekunja uso juu ya karatasi, najua atatazama simu, kisha atachukua mchi.

Mwezi wa pili aliletwa Takuma, mtoto wa miaka mitatu, masikio yote mawili yamejaa usaha. Dawa nyingine za kuua bakteria humtoa vipele, kwa hiyo ilibaki moja tu ya kumfaa. Daktari aliandika apewe hiyo pamoja na ya kulainisha makamasi, zote za unga, zichanganywe katika kifuko kimoja. Bi Shiomi akakunja uso. Ile ya kwanza ni chungu ajabu, ndiyo maana kiwandani kila chembe huvikwa ganda tamu. Ile ya pili ina ukali wa ndimu, na zikikutana kwenye maji ganda linayeyuka, uchungu wote unabaki mdomoni. Hilo kila mfamasia analijua. Akatazama simu, akachanganya.

Wiki iliyofuata mama yake Takuma alirudi na karatasi ileile, akalalamika kwamba mtoto anatema. Bi Shiomi akamshauri ampe harakaharaka kisha maji mengi. Wiki ya tatu yule mama aliingia macho mekundu. Daktari amemwambia anamdekeza mtoto, na kwamba dawa ikishindwa safari hii, Takuma atapelekwa hospitali kubwa Matsuyama, alazwe usingizi, atobolewe ngoma za masikio na kutiwa vibomba vya kutoa usaha. Amtilie dawa kwenye maji ya machungwa, ndiyo ushauri aliopewa na daktari. Mji huu tungeweza kuogea machungwa tungeogea. Ukali juu ya ukali! Nilihisi damu inanipanda kichwani.

Nilimfuata Bi Shiomi nyuma ya kioo.

"Dada, piga simu."

"Ni muda wa wagonjwa."

"Na huyu wa hapa ni nani? Piga, au napiga mimi."

Bi Shiomi alichukua unga kidogo wa kila dawa, akauchanganya kwa maji kwenye kikombe, akasubiri kidogo, akaonja. Sijawahi kumwona akikimbilia sinki namna ile. Alisukutua mara tatu, akabaki ameinama pale, maji yanamchuruzika kidevuni.

"Wiki mbili nimemlisha mtoto kitu hiki," akasema.

Akapiga. Nilisimama karibu nikasikia kila neno. Alieleza kwa adabu zote, akaomba radhi mara mbili kabla hata hajafika kwenye jambo lenyewe. Daktari akamsikiliza, akasema, "Basi tenganisha. Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo?" Akakata. Nilitazama saa ya simu: sekunde arobaini. Nilikuwa na hasira na daktari, na hasira na Bi Shiomi, na hasira na mimi mwenyewe niliyekaa pale nikibandika lebo.

Badala ya vifuko kumi na vinne akatengeneza ishirini na vinane, alama nyekundu kwa ile chungu, bluu kwa ile ya makamasi. Akamwelekeza mama Takuma: nyekundu kwanza, katika aiskrimu ya chokoleti, machungwa marufuku, bluu baadaye.

Siku ya tatu mama Takuma alirudi, kamshika mtoto mkono mmoja na mfuko wetu mkono wa pili. Vifuko vyote vilikuwemo isipokuwa vitatu alivyotema mtoto.

"Akisikia tu karatasi inachanwa, anaingia chini ya meza," akasema. "Matsuyama wametupangia Jumatatu."

Bi Shiomi alitoka nyuma ya kioo, jambo asilolifanya. Alikuwa amenunua aiskrimu duka la jirani, inayeyuka kwenye kikopo. Akapiga magoti mbele ya Takuma, akachana kifuko chekundu, akakoroga, akala kijiko cha kwanza yeye mwenyewe ili mtoto aone. Akachota cha pili, akakinyoosha.

Takuma alitazama kijiko, kisha koti jeupe la Bi Shiomi.

"Ni wewe unayetengeneza ile chungu?"

"Ndiyo," Bi Shiomi akajibu. "Ni mimi."

Mtoto akafunga mdomo, akaufunika kwa mikono yote miwili.